Utabiri ulisema mvua za wastani, mahindi yakanyauka: nani alikosea?

Swali la msomaji, mkulima wa Handeni mkoani Tanga: "Kabla ya Vuli tulisikia redioni kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani. Nikapanda mahindi ekari tatu. Yalipoota vizuri ikashuka mvua ya siku mbili iliyosomba mbolea yote, kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo. Mahindi yakanyauka yakiwa usawa wa magoti. Sasa naambiwa utabiri haukukosea. Inawezekanaje? Na haya maneno, wastani, uwezekano, El Niño, Dipoli, mabadiliko ya tabianchi, mtu wa shamba ayaelewe vipi?"

Ndugu mkulima, pole kwa hasara. Uliyoambiwa yanawezekana kabisa, na hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Utabiri wa msimu huzungumzia jumla ya mvua ya miezi mitatu juu ya eneo kubwa, ilhali shamba lako hutegemea mvua ya wiki kwa wiki mahali pamoja. Jumla inaweza kutimia huku mazao yakiteketea. Ndiyo maana kila neno la utabiri linapaswa kuulizwa mambo matatu: ni namba gani, ni eneo gani, ni muda gani. Ukikosa hata moja kati ya hayo, umesikia sauti tu.

Tuanze na milimita, maana kila kitu kimejengwa juu yake. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo milimita 1 juu ya ekari ni lita zaidi ya elfu nne. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita "mvua kubwa" ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Hizo ni lita 202,000 hivi kwa ekari, sawa na matenki 20 ya lita elfu kumi yaliyomwagwa kwenye ekari moja kwa siku moja. Ukilijua hilo, hutashangaa tena mbolea iliyowekwa juu juu ikikutwa kwenye korongo la jirani.

Sasa "wastani". Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wastani wa muda mrefu haumaanishi mvua ya kawaida unayoikumbuka wewe, wala mvua inayotosha kwa mahindi. Ni hesabu: mvua ya msimu husika kwa miaka 30, ikajumlishwa na kugawanywa kwa 30. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limepanga kwamba kipindi cha kulinganishia kwa sasa ni 1991 hadi 2020. Miaka 30 imechaguliwa kwa sababu miaka mitano au kumi huyumbishwa mno na msimu mmoja wa mafuriko au ukame, na miaka mia huficha mabadiliko yaliyokwisha kutokea.

Kwenye taarifa za msimu za Tanzania, "mvua za wastani" ni zile zinazoangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani huo. Chini ya asilimia 75 huitwa chini ya wastani, na zaidi ya 125 huitwa juu ya wastani. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kituo cha karibu yako kina wastani wa milimita 240 kwa Vuli nzima, Oktoba hadi Desemba. Basi mvua yoyote kati ya milimita 180 na 300 itaandikwa "wastani". Ukanda huo ni mpana sana. Mkulima wa mahindi anajua tofauti ya milimita 180 na milimita 300. Kwenye udongo mwepesi ni tofauti ya kununua unga na kuuza magunia.

Halafu tazama mtawanyiko. Kwa huo huo wastani wa 240, chukua msimu uliokwenda hivi: milimita 45 katika wiki mbili za mwanzo, mahindi yakaota, milimita 95 ndani ya siku mbili, siku 23 bila tone, kisha milimita 50 mwishoni. Jumla ni milimita 190, yaani asilimia 79 ya wastani. Kwenye kitabu cha kituo huo ni msimu wa wastani, na utabiri umetimia. Shambani ni hasara tupu.

Tufuatilie maji hayo ndani ya udongo. Udongo tifutifu wenye mchanga huhifadhi takriban milimita 10 hadi 12 za maji yanayoweza kunyonywa na mmea kwa kila sentimita 10 za kina. Mahindi ya usawa wa magoti yana mizizi ya kufika sentimita 40 hadi 50. Ghala lake basi ni milimita 50 hivi, na siku ile ya mvua kubwa sehemu ya ghala ilishajaa kutokana na mvua za kabla. Kati ya zile milimita 95, labda 30 zilipata nafasi ya kuingia. Nyingine zilitiririka juu, hasa kama udongo ulikuwa na gamba gumu au matuta yaliteremka na mteremko badala ya kuukata, au zilizama chini kupita mizizi zikiondoka na naitrojeni. Baada ya hapo mmea pamoja na jua juu ya udongo ulio wazi hutumia kama milimita 4 kwa siku. Ghala la milimita 50 linakwisha kwa siku 12 au 13, lakini mmea hauwezi kunyonya mpaka tone la mwisho kwa raha: nusu ikishatoka huanza kukunja majani mchana. Kwa hiyo dalili ya kwanza uliiona kati ya siku ya sita na ya nane, mnyauko usiopona jioni ukaanza wiki ya pili, na wiki ya tatu ilikuwa ya kuhesabu mabua. Hicho kinaitwa kipindi cha ukavu, na utabiri wa msimu ukiandikwa vizuri hukitaja. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo hukaa chini ya taarifa, na redio husoma kichwa cha habari.

Wastani una mtego mwingine, hasa kwenye maeneo yenye mvua za kuyumba. Chukua misimu mitano yenye milimita 120, 150, 160, 180 na 640. Wastani wake ni 250. Misimu minne kati ya mitano ipo chini ya wastani, na huo wa tano ndio ulioivuta hesabu juu. Vuli ya mwaka 1997 ilifanya hivyo kwenye rekodi za vituo vingi vya Afrika Mashariki. Kwa mipango ya shamba, namba ya katikati, yaani ile inayobaki katikati ukipanga misimu yote kutoka mdogo hadi mkubwa, ni mwongozo wa kweli zaidi. Kwenye mfano huu ni 160. Ukipata nafasi ya kuomba takwimu za kituo, omba hiyo pia.

Kuhusu eneo, nitasema kwa kifupi. Handeni huwekwa kwenye ukanda wa pwani ya kaskazini pamoja na Pemba, Unguja, Dar es Salaam na Mafia. Sentensi moja inabeba visiwa vinavyopigwa na upepo wa bahari pamoja na nyika ya bara ya Tanga. Zaidi ya hapo, wingu la mvua ya radi linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Kijiji kimoja kikalowa na cha pili kikatimua vumbi. Hakuna utabiri wa msimu unaoweza kukwambia wingu hilo litapita upande gani wa barabara.

Tuje kwenye "uwezekano", neno ambalo redio nyingi huliacha kabisa. Kituo cha Utabiri wa Tabianchi cha IGAD, kinachohudumia nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, hutoa utabiri wa msimu kwa mafungu matatu. Misimu 30 ya nyuma hupangwa kuanzia mkavu hadi wenye mvua nyingi: 10 ya kwanza ni fungu la chini, 10 ya kati ni fungu la kawaida, 10 ya mwisho ni fungu la juu. Zingatia kwamba mipaka hii hailingani lazima na ile ya asilimia 75 na 125. Mtu anayesoma taarifa mbili bila kujua hilo ataona zinapingana, kumbe zinakata muwa uleule kwa visu tofauti.

Bila kujua chochote kuhusu bahari wala upepo, kila fungu lina uwezekano wa asilimia 33 hivi. Huo ndio msingi wa kulinganishia. Sasa utabiri ukisema asilimia 40 juu, 35 kawaida, 25 chini, maana yake ni kwamba mizani imeegemea kidogo upande wa mvua nyingi. Kwa lugha ya redio inakuwa "wastani hadi juu ya wastani". Lakini ile 25 haijafutwa: misimu kumi yenye dalili kama hizi, miwili au mitatu itakuwa mikavu. Mkulima hapaswi kuuliza tu "kipi kina namba kubwa?" Aulize pia "ile namba ndogo ikitokea, nitakula nini?" Ukiona asilimia 60 au zaidi kwenye fungu moja, hapo dalili zina nguvu na inafaa kubadilisha mpango. Ukiona 38 au 40, panda kama unavyopanda kila mwaka na uweke akiba ya tahadhari.

Utabiri wa namna hii haupimwi kwa msimu mmoja. Hukusanywa misimu yote iliyopewa asilimia 40 juu, ikahesabiwa mingapi kweli ilikuwa juu. Ikiwa ni karibu minne kwa kumi, mtabiri anaaminika. Ikiwa ni minane au mmoja, namba zake zina kasoro. Nasema hili kwa uzito kwa sababu nimeona wakulima makini wakiuacha utabiri moja kwa moja baada ya msimu mmoja mbaya, wakati tatizo lilikuwa namna ulivyofikishwa kwao.

El Niño na Dipoli ni sababu, wala si majina ya mvua. Mitaani kila mvua kubwa huitwa "elinino", hata ile ya alasiri moja. El Niño yenyewe ni hali ya Bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi: maji ya juu kwenye ukanda wa ikweta yanapopata joto kuliko kawaida. Wataalamu hupima eneo la kati ya nyuzi 5 kaskazini na 5 kusini, longitudo 170 hadi 120 magharibi. Kwa kipimo kilichotumiwa na Marekani kwa miaka mingi, joto la hapo likizidi kawaida kwa nusu nyuzi ya Selisiasi au zaidi, kwa wastani wa miezi mitatu mitatu inayopishana, mara tano mfululizo, hiyo huandikwa kuwa El Niño. Likishuka nusu nyuzi kwa utaratibu huohuo, ni La Niña.

Kwetu sisi kuna bahari ya karibu zaidi. Dipoli ya Bahari ya Hindi ni tofauti ya joto la maji kati ya magharibi ya bahari hiyo, upande wetu, na kusini mashariki yake karibu na Sumatra. Wanasayansi Saji, Yamagata na wenzao waliieleza rasmi mwaka 1999. Katika miezi ya Oktoba na Novemba, kwa kawaida upepo wa ikweta husukuma maji ya moto kuelekea Indonesia, na mawingu mazito hukaa huko. Dipoli ikiwa chanya upepo huo hudhoofika au kugeuka, maji baridi huibuka karibu na Sumatra, maji ya moto yanasogea upande wa Afrika, na mvua huyafuata. Tofauti ikizidi nyuzi 0.4 kwa wiki kadhaa, dipoli chanya huhesabiwa imesimama. Ikiwa hasi, mvua huhamia mashariki na Vuli yetu hukonda.

Misimu iliyopita inaonyesha vizuri nani ana nguvu. Mwaka 1997 El Niño kali na dipoli chanya kali vilikutana, na Afrika Mashariki ikapata mafuriko yanayosimuliwa hadi leo. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali vilevile, watu wakajiandaa kwa 1997 nyingine, lakini dipoli haikuwa na nguvu ile na mvua hazikufika kiwango hicho. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na kawaida, ila dipoli ilikuwa miongoni mwa kali zaidi kupimwa, na Vuli ikaleta mafuriko na maporomoko ya ardhi, kama yale ya Pokot Magharibi nchini Kenya mwezi Novemba. Mwaka 2023 vyote viwili vilikuwepo. Tarehe 3 Desemba tope na mawe vikashuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1961 mvua za dipoli chanya zilijaza Ziwa Victoria, kina chake kikapanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwezi Mei 2020, baada ya mvua za 2019 na Masika iliyofuata, kina hicho cha 1964 kikapitwa kidogo. Kwa hiyo ukisikia "kuna El Niño", swali la pili liwe daima: na Bahari ya Hindi inasemaje?

Upande wa pili wa sarafu tuliuona kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023. La Niña ilijirudia miaka mitatu mfululizo, na sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya, Somalia na kusini ya Ethiopia zikakosa misimu mitano ya mvua kwa kufuatana.

Kumbuka pia kwamba athari hizi hutofautiana kwa mahali. El Niño inayolowesha Tanga na Mombasa wakati wa Vuli ndiyo hiyohiyo iliyokausha Zambia, Malawi na Zimbabwe msimu wa 2023 na 2024. Kusini mwa Tanzania, kwenye msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili, ishara yake huwa dhaifu au ya kugeuka, kwa hiyo mkulima wa Ruvuma asichukue ushauri wa mkulima wa Handeni.

Na Masika? Masika, Machi hadi Mei, ni ngumu kutabiri mapema kuliko Vuli. El Niño na dipoli huwa zimefifia kipindi hicho. Mvua inategemea zaidi mwendo wa ukandamvua unaopanda kutoka kusini kufuata jua, mawimbi ya mawingu yanayozunguka dunia kwenye ikweta kwa siku 30 hadi 60, na vimbunga vya Bahari ya Hindi. Kimbunga kikiwa karibu na Madagaska kinaweza kuvuta unyevu wetu na kutuachia siku kavu, au kikageuza upepo na kutuletea unyevu wa Kongo, kutegemea kilipo. Kwa Masika, basi, usiweke uzito mkubwa kwenye utabiri wa miezi mitatu; fuata zaidi ule wa siku kumi.

Mabadiliko ya tabianchi ni jambo la kipimo kingine kabisa. El Niño huja na kuondoka kila baada ya miaka miwili hadi saba. Hiyo ni tabia ya mfumo wenyewe. Mabadiliko ya tabianchi ni kusogea kwa wastani wote, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ya gesi tunazoongeza angani. Kabonidioksaidi ilikuwa sehemu 280 hivi kwa kila milioni ya hewa kabla ya viwanda. Sasa imepita 420. Hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi 1, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa asilimia 7 hivi. Ndiyo sababu tunatarajia mvua kubwa kuwa kubwa zaidi, na kati ya mvua na mvua udongo kukauka haraka zaidi. Tukio moja, kama ile mvua yako ya siku mbili, haliwezi kuhukumiwa kwa macho kuwa limesababishwa na mabadiliko hayo. Kinachopimwa ni kama matukio ya aina hiyo yameongeza nguvu au idadi kwa miongo.

Hapo pia ndipo lile tangazo la "nyuzi 1.5" huchanganya watu. Mwaka 2024 dunia ilikuwa na joto la takriban nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha 1850 hadi 1900, kwa makadirio ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kikomo kilichotajwa kwenye Mkataba wa Paris kinapimwa kwa wastani wa miaka mingi, kama 20. Mwaka mmoja kukipita ni dalili nzito, lakini hiyo haina maana kwamba kikomo chenyewe kimeshavunjwa.

Maneno matatu ya taarifa za kila siku usiyachanganye na ya msimu. "Angalizo" huwekwa kwa rangi ya njano, "tahadhari" kwa rangi ya chungwa, "tahadhari kubwa" kwa nyekundu. Rangi huamuliwa kwa vitu viwili kwa pamoja: uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake likitokea. Angalizo la njano linaweza kubeba athari kubwa yenye uwezekano mdogo, kwa hiyo usilidharau kama una banda la kuku bondeni. Na ukisikia mhandisi akisema "mvua ya miaka mia", usidhani ikishanyesha tumepumzika karne nzima. Ni mvua yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Nyumba utakayokaa miaka 30 ina uwezekano wa asilimia 26 hivi wa kukutana nayo angalau mara moja.

Sasa tufanye nini Handeni? La kwanza ni kupima mwenyewe, kwa sababu bila namba ya shamba lako utabaki kubishana na redio. Kipimamvua cha bei ndogo hutengenezwa kwa chombo chochote chenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, kama kopo la maziwa la kilo moja. Kwenye chombo kama hicho kina cha maji ukipime kwa rula, na hicho ndicho milimita za mvua moja kwa moja, hata kopo liwe na upana gani. Chupa ya soda haifai ikiwa peke yake, maana kitako chake kina mabonde na shingo imebana. Ukitaka kuitumia, weka faneli juu yake na upime maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 12 ina eneo la sentimita za mraba 113, kwa hiyo kila mililita 11.3 ni milimita 1 ya mvua. Faneli pia hupunguza maji kupotea kwa jua, ambalo ndilo kosa la kopo lililo wazi.

Kisimike mdomo ukiwa sentimita 30 hivi juu ya ardhi, usawa kabisa, ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Kikae mbali na mti au paa kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Chini ya mwembe utapima mwembe. Soma kila siku saa 3 asubuhi, kama vituo rasmi vinavyofanya, na uyaandike maji hayo pamoja na tarehe na saa ya kusoma, kwa kuwa ni ya saa 24 zilizopita. Siku isiyo na mvua andika 0. Siku uliyosahau acha wazi au weka alama ya kukosa. Kuchanganya sifuri na kusahau ndiko kunakoharibu madaftari mengi. Mwisho wa msimu huwezi kujua kama kulikuwa na ukavu wa siku kumi au uvivu wa siku kumi.

La pili ni mwanzo wa msimu. Mvua ya kwanza si lazima iwe mwanzo wa msimu. Kipimo kimoja kinachotumika sana ukanda huu ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa na ukavu wa siku saba au zaidi katika wiki tatu zinazofuata. Sehemu ya pili huwezi kuijua siku ya kupanda, na hapo ndipo utabiri wa siku kumi unapofaa kuliko wa msimu: unapopata milimita 20, angalia taarifa ya siku kumi zijazo kabla ya kumwaga mbegu ya bei. Chimba pia kwa jembe mahali pawili au patatu. Unyevu ukiwa umefika sentimita 25 au 30, ghala lina kitu. Ukiwa umefika sentimita 10 tu na chini ni vumbi, mbegu itaota kwa akiba ya siku chache, na jua la kwanza litaimaliza.

La tatu, gawa hatari. Pale Vuli inapopewa asilimia 25 au zaidi upande wa chini, usiweke ekari zote tatu kwenye mahindi ya siku moja. Ekari moja iwe mtama, kunde au choroko, mazao yanayovumilia ukavu au kukomaa mapema. Mahindi chagua mbegu ya muda mfupi, na uyapande kwa awamu mbili zenye wiki mbili katikati. Mbolea ya kukuzia usiiweke yote mara moja. Igawe mara mbili, uifukie, na usiiweke siku ambayo kuna angalizo la mvua kubwa. Matuta yakate mteremko, kila baada ya mita chache uweke kizuizi kidogo ndani ya mtaro ili maji yasimame na kuingia. Kwenye ule mfano wetu, milimita 15 tu zaidi zilizoingia ardhini zingeyapa mahindi karibu siku nne za ziada.

Na kama bado unataka kujua kama utabiri wa Vuli yako ulikosea, nenda kwa afisa ugani au ofisi ya kilimo ya wilaya, uombe jumla ya mvua ya Oktoba hadi Desemba ya kituo cha karibu pamoja na wastani wake wa 1991 hadi 2020. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, uzidishe kwa 100. Ikiwa ni chini ya 75, msimu uliangukia fungu ambalo redio haikulitaja; hapo tafuta taarifa kamili iliyoandikwa, uone fungu hilo lilipewa asilimia ngapi. Ikiwa ni 75 au zaidi, jumla ilitimia, na lililokuumiza ni mtawanyiko: kwenye taarifa hiyohiyo tazama sehemu ya vipindi vya ukavu, uone kama vilitajwa na havikufika redioni.